Milima ya mchanga ya Shela: "jangwa" linalonywesha mji wa Lamu

Picha za Shela, kijiji cha kisiwani Lamu katika pwani ya Kenya, zinazozunguka mitandaoni zinafanana sana. Mpigaji hupanda juu ya mlima wa mchanga, huipa bahari mgongo, na kinachobaki kwenye picha ni mchanga mtupu, mbingu, na pengine mtu mmoja mwenye kanzu inayopeperushwa na upepo. Chini yake huandikwa "jangwani". Mtu wa Lamu akiiona hucheka kidogo, maana maji aliyoogea asubuhi yametoka chini ya mchanga uleule.

Shela si jangwa. Kisiwa cha Lamu hupata mvua inayokaribia milimita 900 kwa mwaka, nyingi yake wakati wa masika, na Mei ndio mwezi unaoongoza. Wataalamu wa hali ya hewa huita jangwa mahali panapopata chini ya milimita 250. Ila macho hayapimi mvua, hupima majani, na pale majani ni machache. Kosa hilo dogo la macho limezaa kosa kubwa zaidi, la kudhani kwamba ardhi isiyoota kitu haina kazi na kwa hiyo yafaa kujengwa. Ili kuelewa kwa nini wazee wa Lamu hukunja uso wakisikia mtu ananunua kiwanja "kule mchangani", inabidi tufuate mambo mawili yaliyoshikana, yaani namna watu walivyofika Shela, na namna maji yanavyokaa chini ya Shela.

Mchanga unaotembea

Ufuo wa Shela unaanza mwisho wa kijiji na kuendelea kilomita 12 hivi kuelekea upande wa Kipungani. Umeelekea kusini-mashariki, na hapo ndipo penye siri ya milima ile. Kusi inapovuma, kuanzia karibu Aprili hadi Septemba, inaupiga ufuo usoni. Maji yakitoka, mchanga wa pwani hukauka juani, upepo huuokota na kuusukuma ndani ya kisiwa. Unapokutana na kizuizi chochote, hata mlakasa, mmea wa pwani unaotambaa, unatua. Mlakasa nao haufi kwa kufukiwa, bali huchipua juu ya mchanga mpya na kukamata mwingine. Miaka ikipita, tuta huwa kilima, na kilima kikapata kingine nyuma yake. Kaskazi ikija, Desemba hadi Machi, upepo hubadili upande na vilele vikanyooshwa upya. Ndiyo maana anayerudi Shela baada ya miaka michache haoni milima ileile aliyoiacha.

Mchanga huu una historia ya kumeza miji. Mapokeo ya Lamu yanataja miji miwili ya zamani, Weyuni upande wa kaskazini na Hidabu upande wa kusini, iliyopigana kisha ikaungana kuwa mji mmoja. Hidabu, husimuliwa, ilifunikwa na mchanga. Kilima chenye jina hilo bado kipo kati ya Lamu na Shela, na watu hukipita kila siku bila kukiangalia mara mbili.

Watu wa Takwa

Ng'ambo ya mkondo, kisiwani Manda, kuna magofu ya Takwa. Ulikuwa mji wa mawe uliozungushiwa ukuta, uliostawi katika karne ya 16 na ya 17. Msikiti wake mkuu una nguzo iliyosimama juu ya kibla, jambo lisilo la kawaida, na nje ya ukuta kuna kaburi la nguzo lenye maandishi ya miaka ya mwanzo ya 1680. Muda si mrefu baada ya hapo mji ukahamwa. Watu wake wakavuka mkondo wakaanzisha Shela.

Kwa nini waliondoka? Husimuliwa sababu mbili, ugomvi na Pate, mji wa kisiwa jirani, na visima vilivyoingia chumvi, na watu hubishana ni ipi ya kweli. Mimi sioni haja ya kuchagua. Mji ambao visima vyake vimegeuka magadi hauwezi kustahimili adui hata kwa mwezi mmoja, na mji uliozingirwa na adui hauwezi kwenda kuteka maji kwingine. Sababu hizo mbili zilikula sahani moja.

Kinachosahaulika ni tofauti ya ardhi yenyewe. Manda ni mwamba wa matumbawe uliojaa nyufa. Mvua inyeshe utakavyo, maji hupenya upesi kwenye nyufa na kuchanganyika na bahari. Kisiwa cha Lamu, hasa upande wa Shela, ni mchanga mwingi. Kwa hiyo Manda ina jiwe bila maji, na Shela ina maji bila jiwe. Mpaka leo mambo yako hivyohivyo: mawe ya kujengea nyumba za Lamu yanachimbwa Maweni, kisiwani Manda, yanapakiwa kwenye jahazi, yanashushwa gatini na kubebwa na punda hadi mlangoni, huku maji ya kukorogea chokaa na saruji yakitoka Shela. Mji wa kale ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001 umesimama juu ya ubia huo. Wazee wa Shela nao hawajaikata kamba: wamekuwa wakivuka kwenda Takwa kuzuru lile kaburi na kuomba mvua.

Vita vya Shela

Wageni wengi huambiwa na waongozaji kwamba wamekanyaga uwanja wa vita, na kwa kweli hawadanganywi. Mwanzoni mwa karne ya 19, kwa kawaida hutajwa mwaka 1812, Mazrui, watawala wa Mombasa, na Pate waliungana kuitia Lamu adabu. Walishusha majeshi Shela. Waamu, yaani watu wa Lamu, wakatoka wakawakabili mchangani na kuwashinda. Inavyosimuliwa, wavamizi walipokimbilia majahazi yao walikuta maji yametoka na vyombo vimekwama, wakauawa pale ufuoni kwa wingi. Miaka mingi baadaye upepo uliendelea kufichua mifupa.

Lamu ilishinda lakini ikaingiwa na hofu ya kisasi, ikamwomba Seyyid Said, mtawala wa Oman, ailinde. Akatuma liwali na askari. Ngome iliyokuwa imeanza kujengwa wakati Pate ina sauti mjini ilikamilishwa chini ya Waomani, karibu mwaka 1821. Baadaye, kuanzia 1910, Waingereza waliigeuza jela, nayo ikabaki jela hadi 1984, na sasa ni ya makumbusho. Mazrui hawakurudi tena kuwa na nguvu ileile, na mwaka 1837 Mombasa yenyewe ikaangukia mikononi mwa Said. Kwa hiyo ukiuliza ni wapi utawala wa Said, uliokuja kuwa wa Zanzibar, ulipofunguliwa mlango katika mwambao wa Kenya, jibu mojawapo lenye uzito ni ufuo huu ambao leo watu wanaota jua.

Baada ya vita Shela ilinawiri. Msikiti wake wa Ijumaa wenye mnara mweupe mnene, unaochongoka kuelekea juu, ulijengwa mwaka 1829. Kisha kijiji kikapwaya, nyumba za mawe zikaporomoka, wengi wakahamia mjini. Kilichokiinua tena ni utalii: hoteli ya Peponi ilifunguliwa 1967, na kuanzia hapo wageni wakaanza kununua magofu na kuyatengeneza. Leo Shela ni kijiji chenye vichochoro visafi kuliko vya mjini na bei za ardhi zinazomtisha kijana wa hapo anayetaka kuoa na kujenga.

Maji yanakaaje chini ya mchanga?

Chini ya Shela hakuna mto uliojificha, wala maji hayatoki bara kwa njia za chini kwa chini. Yote ni mvua iliyonyesha juu ya kisiwa hichohicho.

Mvua ikinyesha mjini, inaanguka juu ya mapaa na sakafu za saruji, inakimbia mferejini na kuishia baharini. Ikinyesha kwenye mashamba ya minazi na miembe, miti hunywa sehemu kubwa. Ikinyesha juu ya milima ya mchanga, hakuna mfereji wala mizizi mingi ya kuidaka. Inazama. Baada ya dhoruba ya Mei unaweza kupanda kilima saa moja baadaye ukakuta uso wa juu umeshaanza kukauka. Chimba kwa mkono na utaona mchanga umekolea unyevu, na unyevu huo unashuka pole pole hadi usipofikiwa na jua. Uchi wa ile milima, unaoifanya ionekane haina faida, ndio faida yenyewe.

Maji hayo yakishuka yanakutana na maji ya bahari yaliyopenya kutoka kando zote za kisiwa. Hayachanganyiki upesi. Maji ya mvua ni mepesi kidogo kuliko ya bahari, kwa hiyo yanaelea juu yake kama mafuta juu ya mchuzi wa samaki. Wataalamu wana kanuni ya jambo hili: kwa kila mita moja ambayo maji matamu yamesimama juu ya usawa wa bahari, chini ya usawa huo kuna karibu mita 40 za maji matamu. Tofauti ya uzito kati ya maji hayo mawili, karibu asilimia mbili na nusu, ndiyo inayozaa hesabu hiyo.

Sasa igeuze. Ukiteka mpaka kimo cha juu kikashuka sentimita 10 tu na kubaki hapo, kwa kanuni hiyohiyo unapoteza karibu mita 4 kutoka chini. Aliyeko juu anaona kamba ya ndoo imeongezeka kidogo tu. Huko chini bahari imeshapanda.

Kuna hatari ya pili, nayo ndiyo inayoua kisima kimoja kimoja. Pampu yenye nguvu ikivuta mahali pamoja kwa muda mrefu, maji ya chumvi huinuka moja kwa moja chini ya pampu, yakichongoka kama yanavyovutwa, mpaka yafike kwenye bomba. Hapo kisima kimeharibika hata kama jirani yake wa mita mia bado ni mtamu, na kukipumzisha kikarudi huchukua muda mrefu kuliko ulivyokiharibu. Ndiyo sababu kisiwa cha namna hii kinahitaji visima vingi vifupi vinavyotekwa kidogo kidogo. Mtu anayekuja na wazo la kuchimba kisima kimoja kirefu ili kumaliza tatizo amelielewa kinyume, kwa kuwa kadiri anavyochimba ndivyo anavyoifuata chumvi.

Watu wa zamani hawakuwa na kanuni hii, lakini nyumba zao zilikuwa na adabu ya maji. Ingia choo cha nyumba ya kale mjini Lamu utaona birika la kujengwa kwa mawe na chokaa, na kata ya kutekea. Ndani ya maji mna vijisamaki vidogo, vilivyowekwa makusudi ili kula viluwiluwi vya mbu. Chini kabisa, kwenye sakafu ya birika, palikuwa pamepachikwa bakuli la kauri. Birika likikauka au likisafishwa, maji machache yalibaki kwenye bakuli na samaki hawakufa. Katika nyumba kama hiyo mtu alioga kwa kata kadhaa, akatosheka.

Linganisha na bwawa la kuogelea. Sisemi wageni wasioge. Nasema maji ya bwawa na maji ya birika yanatoka kwenye akiba moja, na akiba hiyo hujazwa na masika na vuli peke yake.

Basi ugomvi uko wapi?

Kama kila mtu anajua haya, kwa nini milima ile imekuwa na mivutano ya ardhi kwa miaka mingi? Kwanza, si kila mtu anajua. Pili, wenye mamlaka ni wengi na mipaka yao haiungani.

Milima imetangazwa katika gazeti la serikali kuwa eneo la hifadhi ya maji. Katiba ya 2010, ibara ya 62, inahesabu maeneo ya vyanzo vya maji kuwa ardhi ya umma, iliyo chini ya serikali kuu na kusimamiwa na Tume ya Taifa ya Ardhi. Lakini huduma ya kumfikishia mwananchi maji ni kazi ya kaunti. Magofu, ngome na majumba ya kale yako chini ya uangalizi wa Makumbusho ya Taifa. Eneo la urithi wa dunia lenyewe ni karibu hekta 16 tu, yaani mji wa mawe, na milima ya Shela iko nje ya mstari huo. Dunia inalinda mlango uliochongwa nakshi, na haina neno na maji yanayomweka hai mwenye mlango. Mwenye kutaka kujenga hutafuta mwanya kati ya ofisi hizi. Kwa maoni yangu hapa ndipo kiini kilipo, wala si uchache wa sheria.

Madhara ya kujenga juu ya milima hayaonekani siku ya kwanza, na hilo huwapa wajenzi ujasiri. Nyumba moja haikaushi kisima. Lakini paa na sakafu huzuia mvua kuzama, na shimo la choo huteremsha uchafu moja kwa moja kwenye maji. Mchanga huchuja vizuri wadudu wengi ukipewa kina na muda, ila hauchuji naitreti, kemikali itokanayo na mkojo, hiyo hupita. Mji wa Lamu wenyewe ni ushahidi: visima vya ndani ya mitaa, vilivyochimbwa karibu na mashimo ya vyoo vya karne nyingi, havitegemewi tena kwa kunywa, na ndiyo sababu mji ukaelekeza mabomba Shela. Shela ikichafuka hakuna mahali pengine kisiwani pa kuelekezea mabomba.

Kuna pia uchotaji wa mchanga. Gunia moja la punda si kitu. Lakini kila tabaka linapoondolewa, kina cha kuchujia kinapungua, na ukifika karibu na maji yenyewe umelifungulia jua kisima kizima. Bahari nayo inaendelea kupanda, na ikipanda inasukuma maji ya chumvi kutoka chini huku binadamu wakivuta kutoka juu. Gati ya kwanza ya bandari mpya ya Lamu ilifunguliwa Mei 2021, na ingawa bandari iko bara, watu wanaovutwa na kazi zake wengine hulala kisiwani na hunywa maji ya kisiwani.

Visiwa jirani vina njia moja ambayo Lamu imeipuuza kidogo kwa kudekezwa na visima vyake: jabia. Ni sakafu pana iliyosakafiwa vizuri kukinga mvua na kuiteremsha kwenye tangi la chini ya ardhi. Pate na Manda, kusiko na mchanga wa kutosha, watu wameishi kwa majabia. Hoteli ya Shela yenye paa kubwa la makuti haiwezi kukinga maji safi vizuri, lakini yenye paa la sakafu inaweza. Wenye mabwawa wakilazimishwa kujaza kwa maji ya jabia, mzigo juu ya visima utapungua bila mtu kufukuzwa.

Ukitaka kwenda kuona

Kutoka mjini hadi Shela ni kilomita tatu hivi, mwendo wa dakika arobaini kwa miguu kando ya bahari. Maji yakijaa, sehemu za njia hufunikwa, kwa hiyo uliza kwanza au panda mashua gatini. Anzia msikiti wa Ijumaa. Ni mahali pa ibada, si jumba la maonyesho. Vaa kwa heshima na usiingie bila ruhusa. Kisha pita vichochoroni hadi ufuoni na ufuate mchanga.

Milima ipande asubuhi mapema. Kufika saa tano mchanga unachoma nyayo, na katika kilomita zile zote 12 hakuna mti wa kivuli wa kuaminika, basi chukua maji. Usitelezeshe miguu juu ya mlakasa wala kuung'oa. Wakati wa kusi mawimbi ya upande ule ni makali na yanavuta, na hata wavuvi hawayachezei. Kasa hutaga kwenye ufuo huu; ukiona alama za kukokota kutoka majini hadi juu, zunguka.

Visima havitangazwi kwa wageni, navyo havina cha kupigia picha: viko upande wa ndani wa milima, vifuniko vya saruji, mabomba, na kibanda cha pampu. Nadhani mgeni anayeonyeshwa kimoja tu anaondoka na maana zaidi kuliko aliyepiga picha mia kileleni.

Takwa ukitaka kuiona, njia ni kwa boti kupitia mkondo wa mikokoni, na mkondo huo hupitika maji yakiwa yamejaa. Patana na nahodha saa ya kwenda na saa ya kurudi kabla ya kulipa. Ukikawia kaburini maji yakatoka, mtakaa kwenye matope ya mikoko mpaka yajae tena, kama wale waliokuja na majahazi mwaka 1812, ila ninyi mtarudi salama.